Kabla ya kupanda maua ku lupango, uliza bulongo ilitoka wapi

Tulipoingia mu lupango yetu, kiwanja kilikuwa kama sahani. Mvua ikinyesha, maji inasimama mbele ya mlango siku mbili, tatu. Tukafanya sawa vile majirani wanafanyaka: tukalipa kamyo moja ya rembleyi, bulongo ya kujaza mashimo. Mwenye kamyo hakusema aliichota wapi, na sisi hatukuuliza, kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Bulongo ilikuwa nyekundu, na ndani yake kulikuwa mawe madogo ya kijani. Watoto waliyaokota, wakajenga nayo nyumba zao za mchezo.

Mvua za kwanza zilipokuja, tulipanda miti 30 ya hibiskusi kando ya barabara. Tulitaka uzio wa maua kama ule unaonekana ku nyumba za zamani za mji. Mu Desemba miti ilisimama vizuri. Mu Februari majani mapya yakaanza kutoka ya manjano, mishipa peke njo ilibaki kijani. Tukamwaga maji, tukatia mbolea, bure. Mwisho tuling'oa mti mmoja ili tuone: mizizi ilikuwa mifupi, ya rangi ya kahawa, hakuna hata uzi mmoja mweupe mupya. Mzee jirani, ambaye alifanya kazi miaka mingi ku karieri, aliinama, akachukua jiwe moja la kijani, akatuuliza kama tulikuwa tunajua jina lake. Lilikuwa malakiti. Tulikuwa tumepanda maua ndani ya shaba.

Ndugu msomaji, tunaandika habari hii juu tunaona familia mingi za Kolwezi, mu Dilala na mu Manika, wanafanya kosa sawa na letu. Uzio wa maua ni kitu kizuri, hata kwa afya ya nyumba. Lakini hapa kwetu kazi yake inaanza chini, mu bulongo, mbele ya kuchagua maua.

Shaba kidogo, shaba mingi

Kila mti unahitaji shaba kidogo sana ili uishi. Ikizidi, shaba inaumiza ncha za mizizi na inazuia mti kuchukua chuma, fer, kutoka mu bulongo. Njo maana majani ya juu, yale mapya, yanakuwa manjano kwanza. Mtu akiona vile anafikiri mti una njaa au kiu, anaongeza mbolea na maji. Lakini ugonjwa uko ku mizizi.

Wazee wetu walijua kusoma alama hizi bila laboratwari. Kuko mmea mdogo ambao wataalamu wanaita Haumaniastrum katangense, na watu wa Katanga waliosoma wanauita ua la shaba. Unaota vizuri mahali shaba ni mingi, pale mimea mingine inashindwa. Watafuta-madini waliufuata ili kupata mahali pa kuchimba. Hata watafiti wa mambo ya kale, pamoja na profesa François Malaisse aliyefundisha Lubumbashi, waliutumia kutambua mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba karne mingi mbele ya kuja kwa Union Minière. Tanuri ziliisha zamani, lakini shaba ilibaki mu bulongo, na ua likabaki kuonyesha.

Mfano mwingine uko Lubumbashi, ku Penga-Penga, upande ambao moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba ulikuwa unapeleka uchafu wake miaka na miaka. Miti ilikufa, udongo ukabaki uchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, walijaribu kupanda majani ya asili pale. Mu kazi ambayo Mylor Ngoy Shutcha na wenzake walitoa mu 2010, walipima aina tatu za majani pamoja na vitu viwili vya kusaidia bulongo: shokaa na komposti. Shokaa inapunguza uchachu wa bulongo, na hapo shaba haiyeyuki tena sana mu maji. Komposti nayo inaishika shaba isiende haraka ku mizizi. Shaba haitoki, inabaki palepale, lakini inakuwa kama imefungwa.

Somo hili tunaweza kulipeleka ku nyumba. Hatuwezi kusafisha lupango nzima. Tunaweza kufanya shimo moja moja, mahali mti utakaa, na kuupa mwanzo mzuri.

Vumbi ya Kolwezi si vumbi ya kawaida

Watu wengine watauliza: kama ni shida hivi, juu ya nini tupande? Jibu letu ni vumbi. Kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, upepo unatoka mara mingi kusini-mashariki, na kamyo zinapita na madini mchana na usiku. Vumbi inaingia mu sahani, mu kitanda, mu pua ya mtoto.

Mu 2014 watu wa kartie ya Kasulo waligundua madini ya kobalti chini ya nyumba zao. Mashimo yakafunguliwa mu lupango, hata ndani ya vyumba. Watafiti wa UNILU pamoja na wale wa chuo cha Leuven, Ubelgiji, wakiongozwa na madaktari Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walikuja kupima. Matokeo yalitoka mu 2018. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti mingi zaidi mu mkojo na mu damu kuliko watu wa kartie ya jirani isiyo na mashimo. Watoto njo walikuwa nayo kupita wakubwa, na ku watoto walipata pia alama za madhara ndani ya chembe za mwili. Mtoto anacheza chini, anatia mkono mu kinywa, na vumbi ya nyumba inamwingia.

Uzio wa miti hausimamishi vumbi yote. Tusidanganyane. Ukuta wa matofali unasukuma upepo juu, halafu vumbi inaanguka ndani ya kiwanja. Majani mengi yanapunguza nguvu ya upepo na yanashika sehemu ya vumbi, kisha mvua inayaosha. Ile inayoanguka chini ya uzio inabaki pale, mbali na mlango. Ni msaada mdogo, lakini ni wa kila siku.

Kuko na jambo lingine ambalo mama zetu watatugombeza. Kila asubuhi tunafagia kiwanja mpaka kinang'aa. Tulilelewa hivyo, na lupango yenye majani inaitwa lupango ya mvivu. Mzee wa kike wa nyumba yetu alisema majani yanaleta nyoka. Ana haki kama majani ni marefu. Lakini bulongo uchi inayofagiliwa ikiwa kavu inatoa vumbi kila siku, na tunaifanya wenyewe, watoto wakiwa bado wanakula chai. Tulipatana naye hivi: pale watoto wanacheza tupande majani mafupi, yakatwe kila mara, pale kwingine tunyunyize maji kidogo mbele ya kufagia. Kwa kiwanja, chiendent, ile Cynodon dactylon inayotambaa, ni nzuri. Ni moja ya yale majani matatu ya Penga-Penga.

Kuchagua mti

Mu magazeti ya Ulaya utaona picha za viorne, ile boule-de-neige yenye maua meupe kama mpira. Ni mti wa nchi ya baridi, unataka miezi ya kulala ambayo sisi hatuna. Usitupe feza. Hapa tuko ku meta 1,400 na zaidi juu ya bahari, usiku wa Juni na Julai ni baridi lakini hazikai. Miti hii njo inafaa:

Hibiskusi ni mwepesi kuotesha, una majani mengi mwaka mzima, na hauna sumu kwa mtoto wala kwa mbuzi. Ni ndugu ya ngai-ngai tunayopika. Kwa familia yenye watoto wadogo, sisi tunaanza nao.

Bugenvilia ina miiba, inasaidia juu ya wezi, na inatoa maua wakati wa kiangazi, pale kila kitu kimekauka. Ile rangi tunayoona ni majani maalum. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Asili yake ni Brazil. Usiipande karibu na njia ya watoto.

Lantana inavumilia ukavu, lakini inakimbilia shamba ya jirani, inaumiza mifugo, na matunda yake mabichi ni mabaya kwa mtoto. Kama unafuga mbuzi, uiache.

Laurier-rose ni nzuri kwa macho, lakini ni sumu kutoka jani mpaka mzizi. Mu lupango ya watoto tunasema hapana. Euphorbia ile ya vijiti vya kijani nayo inatoa maziwa yanayochoma macho. Anayeikata afunike macho na anawe mikono.

Kutayarisha mwezi wa nane na wa tisa

Miti haihitaji kununuliwa. Omba tawi kwa jirani. Kwa hibiskusi, chukua tawi la unene wa kalamu, ambalo si laini sana wala si gumu kabisa. Kata kipande cha sentimita 15 mpaka 20, ukikata chini kidogo ya kifundo. Toa majani, bakisha mawili ya juu. Tia nusu yake mu mfuko wa plastiki wenye matundu, uliojaa bulongo safi iliyochanganywa na mchanga. Weka mu kivuli, bulongo ikae na unyevu bila kuloa. Baada ya wiki sita mpaka nane mizizi inatoka. Bugenvilia inataka tawi gumu zaidi na uvumilivu zaidi, miezi miwili au mitatu. Mizizi yake haipendi kuguswa, kwa hiyo siku ya kupanda pasua mfuko kwa upole, bulongo isivunjike.

Ukianza mwisho wa Agosti, miti itakuwa tayari wakati mvua imekamata vizuri, Novemba au Desemba. Usipande ku mvua ya kwanza ya Oktoba; mara mingi inadanganya, halafu jua linarudi wiki mbili.

Shimo na bulongo yake

Wakati miti iko mu kivuli, chimba mashimo. Sentimita 40 kila upande na 40 kwenda chini, kwa beshi au kwa lukasu. Kutoka shimo moja mpaka lingine acha sentimita 50 kwa hibiskusi, meta moja kwa bugenvilia.

Bulongo iliyotoka, iangalie. Mawe ya kijani au ya bluu ni shaba. Mawe meusi mazito yanaweza kuwa heterogeniti, madini ya kobalti. Ukiyaona, ile bulongo usiirudishe mu shimo na usiiache watoto wachezee. Lakini hata bila mawe, jicho haliwezi kuona yote. Laboratwari peke njo inaweza kusema kiasi gani kiko ndani. Kwa hiyo njia ya usalama ni kujaza shimo na bulongo ya mahali tofauti: mbali na barabara ya kamyo, mbali na karieri, mahali ambapo mahindi na miti inaotaka vizuri miaka yote. Ile matope nyeusi ya kando ya mto inavutia, lakini kama juu ya mto watu wanasafishaka madini, matope hiyo imebeba shaba na kobalti. Uiache.

Changanya sehemu mbili za bulongo hiyo na sehemu moja ya komposti iliyooza kabisa au mavi ya ng'ombe au ya mbuzi ya zamani. Kama lupango ni ya rembleyi kama yetu, nyunyiza chini na kando ya shimo mikono miwili ya shokaa safi, uchanganye na bulongo, uache wiki mbili na zaidi mbele ya kupanda. Shokaa ya duka, si ile inayobaki ku kiwanda. Vaa glavu, inachoma ngozi na macho. Na usizidishe: shokaa ikiwa mingi, chuma inafungwa pia, na majani yanarudi manjano kwa sababu ingine.

Siku ya kupanda, mti ukae palepale ulikuwa mu mfuko, usiuzike zaidi. Mwagia maji, funika chini kwa majani makavu ya unene wa vidole vinne, lakini yasiguse shina.

Kiangazi cha kwanza

Miti mingi inakufa mu kiangazi cha kwanza, si siku ya kupanda. Tupige hesabu mbele. Kila mti unataka litre tano mara mbili kwa wiki. Upande mmoja wa lupango wa meta 20 ni miti kama 40, maana yake litre 400 kwa wiki, bidon 20 za litre 20. Nani atabeba? Mara mingi ni binti wa nyumba, mbele ya kwenda masomo. Kwa hiyo anza na meta tano, upande wa barabara au upande upepo unatokea. Miti kumi inataka bidon tano kwa wiki. Mwaka unaofuata ongeza meta zingine kwa matawi ya miti yako mwenyewe.

Maji ya mwisho ya kusuuza nguo za kawaida au sahani yanaweza kwenda ku uzio. Lakini maji yaliyofua nguo za kazi ya mgodi, hapana. Hiyo maji imebeba madini. Imwage mahali pamoja, mbali na mboga na mbali na mchezo wa watoto. Na nguo zenyewe, papa au kaka akitoka ku shimo azivue nje, azikung'ute mbali na mlango, asiingie nazo mu chumba.

Hibiskusi ikifika sentimita 40, kata ncha, irudi 30. Inauma moyo, lakini bila kukata itapanda juu kama fito, chini ikae wazi na vumbi ipite. Kisha kata kidogo kila mwanzo wa mvua, ukiacha chini pana kuliko juu. Bugenvilia unaikata maua yakimalizika, na wakati wa maua usiipe maji mingi wala mbolea, itatoa majani matupu.

Ukiona vitu vyeupe kama pamba ku matawi, ni wadudu wanaonyonya maji ya mti. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji mu litre moja, pangusa kwa kitambaa jioni, rudia baada ya wiki. Mara moja moja mu kiangazi osha majani kwa maji safi, jani lililofunikwa na vumbi halipumui vizuri.

Mboga zikae mbali

Majani ya lenga-lenga, matembele na sombe yanashika vumbi sawa na uzio, na yanachukua pia madini kutoka chini. Mu 2013 Michel Mpundu wa UNILU na wenzake walitoa vipimo vya mboga za majani zinazouzwa ku masoko ya eneo la migodi la Lubumbashi, na madini yalikuwamo. Kwa hiyo usipande mboga chini ya uzio wa barabara. Majani unayokata ku uzio yarudishe chini ya uzio wenyewe, usiyatie mu komposti ya mboga wala kuyachoma. Mboga zikae nyuma ya nyumba, mu matuta yaliyojazwa bulongo ya mbali, na zioshwe mara mbili mbele ya kupikwa.

Swali la mwisho

Tulipoeleza haya ku jirani mmoja, alituuliza swali ambalo wengi wa hapa wanajiuliza kimya. Anapanga nyumba. Mwenyewe anaweza kumtoa mwezi ujao. Na hata mwenye lupango yake, nani amehakikishiwa kwamba kesho hawatakuja kusema madini iko chini, muhame? Kasulo familia mingi zilihama. Juu ya nini kupoteza nguvu na miti?

Hatukuwa na jibu la karatasi. Tulimpa matawi kumi, tukamwonyesha namna ya kuyatia mu mifuko. Tukamwambia vile tulifanya sisi: ile miti 30 ya mwanzo, 23 ilikufa. Saba iliyobaki tuliihamishia mu mashimo mapya, bulongo safi, komposti, shokaa kidogo. Kutoka kwa hiyo saba tulikata matawi, na leo tuna upande mzima wa barabara. Kama tutahamishwa Agosti, tutakata tena matawi 20, tutayafunga mu gunia lenye maji, tutaondoka nayo pamoja na sufuria na vitanda. Nyumba itabaki na rembleyi itabaki. Na kule tutakapofika, mbele ya kutoa lukasu, tutauliza kwanza bulongo ilitoka wapi.